Koni Tatu za Maharagwe

Mjukuu wangu alipoambiwa kuna mtihani wa hesabu Jumatatu, alikuja akaniambia haendi. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Mtihani wa mwisho alipata mbili kwa kumi, darasa likamcheka, akaapa hataingia humo ndani tena.

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Nauza maharagwe sokoni Thika, nalala Kimbo huku Ruiru, na huyu mtoto wa binti yangu ndiye naishi naye. Jumapili tukitoka kanisani nikamwambia alete kitabu nimwone huyo adui.

"Tafuta volyumu ya koni," akasoma.

"Koni ina volyumu gani? Kwani inaimba?"

Kwangu mimi volyumu ni ya redio. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Shosho, volyumu ni vile kitu kinabeba. Wanasema koni inabeba theluthi ya mkebe wenye mdomo na urefu kama wake. Hiyo theluthi mimi naisahau kila saa. Sijui ilitoka wapi."

Kubeba najua. Nimepima maharagwe kabla mwalimu wake hajazaliwa. Nikatoa gorogoro, ule mkebe wangu wa kupimia, tukakunja koni ya gazeti kama ya muuza karanga, ila kubwa, mdomo na urefu sawa na gorogoro. Nikajaza koni, nikamwaga. Nikajaza tena. Ya tatu haikuisha, gorogoro ilijaa kwa mbili na nusu.

"Andika mbili na nusu," nikamwambia. "Kitabu chenu kinadanganya."

Akaangalia mikono yangu. "Shosho, wewe unaweka kichwa."

Ni kweli. Kichwa ni ule mlima wa juu ambao usipouweka, mteja anahamia kwa jirani. Mkono wangu haujui kupima bila kichwa.

"Hesabu haina mteja," akasema. "Leta hapa."

Akachukua rula, akapangusa kila koni ikawa flati. Moja. Mbili. Ya tatu ilipoingia, maharagwe yakasimama sawa na mdomo wa gorogoro. Alirudia mara nne, mimi nimechoka, yeye anahesabu kwa sauti. Kisha akaleta ile plastiki ya nusu duara ya kupimia pembe, akapima mteremko wa kichwa.

"Digrii ishirini na tano."

"Hiyo ni ya mteja mwenye adabu," nikamjibu.

Jumatatu alivaa sare bila kuambiwa.

Jioni alirudi, akaniwekea karatasi mapajani. Saba kwa kumi, na swali la koni lilikuwa na alama ya vema kubwa kama jani la sukuma. Sikuwa nimemaliza kuitazama alipoenda kwa redio akazungusha kitufe chake cha sauti mpaka mwisho.

"Na hii ndiyo volyumu yako, Shosho."

Jirani alibisha ukuta. Nikamwambia avumilie, mtoto anafanya hesabu.