Kiatu Chenye Uzi wa Njano

Kama ungepita kwenye ukumbi wa nyuma wa kanisa la mtaani kwetu siku ya Jumamosi, ungemkuta Sindano ameinamia benchi lake, kiatu cha mtu kimebanwa katikati ya magoti, na ungesema moyoni, jamani, watu wa Mungu bado wapo. Fundi viatu mzima, mwenye vidole viwili vilivyokufa katika mkono wa kulia, anawashonea vijana wa mtaa viatu vya kuchezea mpira bila kudai hata shukrani. Akina mama wa kanisa walimsifu mpaka wakachoka. Mkewe peke yake ndiye hakumsifu.

"Wewe mwanamume hujawahi kumpa mtu hata kipande cha uzi bure," alimwambia. "Unatafuta nini kule?"

Alikuwa anatafuta kiatu.

Miaka mitano nyuma, mchana kweupe, vijana wanne waliotoka uwanjani walimvamia kibandani kwake wakitaka sanduku la vifaa. Akalikumbatia. Wakamwangusha, naye alipozidi kung'ang'ania mshikio wa sanduku, mmoja akaukanyaga ule mkono, akazungusha kisigino kama anayezima sigara. Majirani walifunga madirisha. Sindano, shavu likiwa vumbini, hakuona uso wa mtu, aliona viatu tu. Kilichomkanyaga kilikuwa cheusi, chenye njumu, na pembeni karibu na kidole kidogo kilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa njano. Uzi huo alikuwa ameutia yeye mwenyewe wiki mbili kabla, kwa sababu mweusi ulikuwa umemwishia. Kiatu kililetwa kwenye mfuko pamoja na vingine vya timu, na nani aliuleta mfuko hakumbuki hata umtie kamba shingoni. Fikiria mwenyewe, kuvunjwa mkono na kazi ya mkono wako.

Mkono ulipona vibaya. Ilimchukua mwaka mzima kujifunza kushona kwa kushoto, na mwaka huo watoto wake walikwenda shule na viatu vilivyoachama, watoto wa fundi viatu. Hapo ndipo alipokula kiapo cha kukipata kiatu kile na aliyekivaa. Kwa hiyo aliposikia kanisa limeanzisha timu ya mpira na mafundisho ya Biblia kwa vijana wa mtaani, hasa wale waliotoka kwenye magenge, wazo likamjia. Fundi akishona bure, viatu vyote vya mtaa vitapita mikononi mwake. Akamwendea kiongozi wa vijana, waliyemwita Mwalimu, kijana wa miaka kama thelathini, mnyenyekevu mpaka anaudhi. Mwalimu akamtazama, akautazama mkono, akakubali. Kesho yake akaja na benchi alilolipigilia misumari mwenyewe.

Na kila Jumamosi kabla ya mechi, kwa miaka mitatu, Mwalimu aliwasimamisha vijana wamwombee mzee Sindano mkono wake. Sindano aliinamisha kichwa kama wengine, ila yeye alikuwa na sala yake fupi. Bwana, kilete.

Kikaja.

Kililetwa na golikipa, kijana mrefu waliyemwita Mlingoti, soli imebanduka kwa mbele. Sindano alikigeuza, na vidole vilivyo hai vikakutana na ule uzi kabla ya macho. Ulikuwa umefifia, lakini fundi gani asiyeijua kazi yake? Uso akaukaza. Alimwambia Mlingoti akae peku asubiri. Kisha akachukua msumari mfupi, akaupigilia ndani ya soli ncha ikitazama juu, akaufunika kwa ngozi nyembamba. Kutembea tu hakungeutokeza. Lakini golikipa akiruka mara tatu, akitua ile ya tatu, atakiona cha mtema kuni, na Sindano angekuwa amekaa mstari wa mbele anatazama.

"Umekuwa navyo siku nyingi hivi?" aliuliza kwa sauti laini, huku anapaka gundi.

"Wapi, mzee. Nilipewa mwezi uliopita, nilipookoka. Ni vya Mwalimu. Anasema vilikaa chini ya kitanda chake tangu alipoacha mambo yake ya zamani. Kuvivaa hakuweza, kuvitupa hakuweza."

Sindano akaacha kupaka. Akachukua koleo, akaung'oa ule msumari, akautia mfukoni, akamalizia kushona. "Nenda kacheze," alisema. Usije ukamsifu. Hasira yote ilikuwa pale pale, imebadilisha anwani tu.

Alingoja mechi iishe na vijana watawanyike. Mwalimu akaja kufagia ukumbi, kama kawaida yake. Sindano alikuwa kwenye benchi, chuma cha kugongea viatu kiko mbele yake, nyundo pembeni.

"Umeniombea mara ngapi, Mwalimu?"

Ufagio ukasimama. Mwalimu hakuuliza ana maana gani, na hilo ndilo lililomchoma Sindano kuliko yote.

"Kila Jumamosi, baba."

"Na kila Jumamosi unajua."

"Nilitaka kukwambia, nikashindwa. Nikakutengenezea benchi."

"Umenivunja mkono, ukanipa pa kukalia."

Mwalimu akaja, akapiga magoti, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya kile chuma, vidole vimenyooka. "Nipige, baba. Sitapiga kelele, wala sitamwambia mtu."

Sindano akainua nyundo. Wacha nikwambie ukweli, alitaka. Miaka mitano alikuwa akiiwaza sauti ya mifupa ile. Lakini kuna maneno ya kijana yaliyomganda masikioni: sitamwambia mtu. Kumbe hata pale, magotini, kijana alikuwa anatafuta mambo yaishe kimya kimya, kisha Jumamosi atokee na bandeji yake na heshima yake yote. Loo, hapana. Nyundo ikarudi chini.

"Mkono huo nautaka mzima," alisema. "Kuanzia Jumamosi utakaa hapa kulia kwangu, unanishikia kiatu na kunivutia uzi. Atakayeuliza kwa nini, utamjibu. Yote, mpaka kisigino."

"Wataniacha, baba. Wengine watarudi barabarani. Niliwaambia niliiba, sikuwaambia nimemlemaza mtu."

"Waondoke. Hata vidole vyangu viliondoka."

Wakaondoka saba, na msimu ule timu ilifungwa na kila mtu. Mchungaji mkuu alikuja kumsihi Sindano aachilie, akajibiwa alete viatu vyake vishonwe. Mkewe naye alipita siku moja, akasimama mlangoni, akawatazama wanaume wawili kwenye benchi moja.

"Umekipata ulichokitafuta," alisema.

"Nimekipata."

"Basi sasa utakaa nyumbani Jumamosi."

"Ndiyo kwanza naanza."

Jumamosi iliyopita alikuja binti mgeni na wenzake wawili, mkononi kandambili iliyokatika. Akashangaa. "Mbona Mwalimu anashona viatu?"

Mwalimu akaacha kuvuta uzi. Akasema, macho chini, kwamba mkono wa mzee huyu aliuvunja yeye, mchana, kwa kisigino, na kwamba alimwombea miaka mitatu huku akijua. Ilikuwa mara ya arobaini na ushee kuyasema. Sindano alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa kama wakati wa sala.

"Rudia," alisema. "Hao wa nyuma hawajasikia."