Filimbi Isiyo na Bendera

Hadi leo nikisikia filimbi, hata ya mpira, natazama chini, kwa maana Kindu nzima (haya, nusu yake, lakini nusu iliyobaki ilisimuliwa kabla ya jua kutua) iliniona siku ile nimesimamishwa juani kama mwizi wa kuku.

Wakati ule wa Zaire, mnakumbuka, bendera ikipandishwa asubuhi kwenye ofisi ya zone, yaani wilaya, polisi alipiga filimbi na kila kitu kilisimama palepale, watu, baiskeli, malori, mpaka filimbi ya pili. Baada ya hapo malori ya Punia yalipita mbele ya nyumba yetu kama yanakimbizwa, na moja lilikuwa limemvunja mama yangu mguu. Alitembea kwa fimbo, na soko lake liko ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi sikupumua mpaka afike upande wa pili.

Mimi nilikuwa mwamuzi wa mpira wa mtaa, filimbi shingoni saa zote. Asubuhi hiyo bendera imeshapandishwa zamani, mama yuko katikati ya barabara, lori likatokea, nami (akili zangu!) nikapuliza ile ndefu, ya bendera.

Lori likafunga breki. Dereva akashuka, akavua kofia. Wanawake wenye mabeseni kichwani wakaganda, na nyuma yao gari la komisere, mkuu wa zone, likasimama, yeye mwenyewe akatoka na abakosti yake, ile suti isiyo na tai, akanyooka. Mama peke yake ndiye aliyetembea, polepole, mpaka ng'ambo, na nilifurahi, siwafichi. Ilibaki kupuliza ya pili, ila nilipomwona mkubwa yule pumzi ikanikauka. Watu wakaendelea kusimama. Bwana mmoja wa Kibombo, baiskeli yake imebeba mitungi ya mawese, aliishikilia, hathubutu kusogeza mguu, mpaka ikamwelemea wakaanguka pamoja, na mafuta yakamwagika yote.

"Bendera iko wapi?" komisere akauliza. "Nani alipiga firimbi?"

Vidole vyote vikanielekea.

"Njo miye, citoyen komisere," nikajibu, maana wakati ule kila mtu aliitwa citoyen, mwananchi. "Mama yangu alikuwa anavuka."

"Sasa mama yako njo bendera?"

Watu wakacheka, nikatamani ardhi inimeze.

Niliamriwa kusimama chini ya mlingoti wa ofisi ya zone, upande wa nyumba yetu, mpaka jioni, bila kusogea, polisi kando yangu. Mchana nikamwona mama ng'ambo, upande wa soko, na sahani yangu ya chakula. Malori yanapita, anatanguliza fimbo barabarani, anairudisha, anatanguliza tena. Nami sina ruhusa hata ya kuinua mkono. Sijawahi kuogopa vile.

Ndipo yule bwana wa mawese, nguo bado zimelowa mafuta, akasukuma baiskeli yake mpaka katikati ya barabara, akaikingamisha, akasimama nayo. Lori likapiga honi, likapunguza mwendo, likasimama.

"Pita, mama," akasema. "Pita polepole."

Mama akafika, akanilisha kwa mkono wake mbele ya watu wote, mimi na ndevu zangu. Yule bwana sikuweza kumtazama usoni.

Filimbi niliapa kutoigusa tena, na sijaigusa. Kesho yake niliazima baiskeli ya jirani, nikaikingamisha katikati ya barabara, nikamwambia mama avuke.