Waya Namba Saba Niliouruka

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, Fundi Mkuu wa Umeme hakuniuliza cheti. Angeuliza ningeaibika, maana nilikuwa na cha darasa la saba tu, tena kilikuwa kimelowa kwenye mtumbwi nikitoka kwetu Murangi. Alinipa tochi, akaniambia nipande darini nifuate waya mmoja mpaka unapoishia, kisha nishuke nimweleze umepita wapi. Nilishuka saa nane mchana, kichwa kimejaa nyuzi za pamba kama mzee wa miaka themanini.

"Unaishia wapi?" akauliza.

"Ofisi ya mizani, mzee."

"Umeufuata wote au umekisia?"

"Nimeufuata wote."

"Basi kesho uje. Wenye vyeti wanakisiaga."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Miaka ile vipuri vilikuwa havipatikani. Fyuzi ikiungua tulikuwa tunaifunga kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, na mota ikifa tulikuwa tunaisuka upya nyaya zake za ndani wenyewe kwa mkono. Halafu kiwanda kikauzwa. Wageni walionunua wakaja na orodha ya watu wa kupunguzwa, na jina la Fundi Mkuu likawa la tatu kutoka juu. Mimi nilibaki. Haikuwa kwa sababu ya akili nyingi, ni kwamba hakukuwa na mtu mwingine aliyejua nyaya zimepita wapi ndani ya kuta. Wakanipeleka Butiama, kwenye ghala la pamba, misimu miwili, kisha wakaniita Musoma mjini, ofisi kuu ya kampuni, mtaa wa Mukendo. Kule ndiko nilikokutana na kompyuta.

Mtaalamu alitoka Mwanza, akakaa siku nne. Alifunga kompyuta kumi na mbili na seva, yaani kompyuta kubwa inayotunza kazi za wengine wote. Kutoka kila chumba ulikuja waya mpaka kwenye kisanduku kimoja ukutani kinachoitwa swichi, kila waya na namba yake. Nyaya hizo nilizivuta mimi. Yeye alikuwa anaelekeza huku anakula sangara wa kukaanga.

Aliniambia hivi. Kompyuta ikiwashwa asubuhi haina anwani. Inapiga kelele kwenye waya: nani anipe namba? Seva inasikia, inaipa namba ya siku hiyo. Huduma hiyo aliiita DHCP, sisi tukaiita mgawaji. Namba zetu zote zilianza na kumi. Kompyuta isipojibiwa na mtu inajipa namba yenyewe, inayoanza na mia moja sitini na tisa, na ukiiona hiyo ujue ama waya umekatika ama mgawaji amelala. Nilikuwa naandika amri ya ipconfig, naisoma namba, najua ugonjwa. Ni kazi rahisi kuliko kusuka mota, na haichafui shati.

Msimu wa pili ukaja ugonjwa ambao sikuwa nimefundishwa. Asubuhi watu wanawasha, nusu ya kompyuta zinafanya kazi, nusu hazioni seva wala printa. Ukisoma namba hukuti kumi wala mia moja sitini na tisa. Unakuta mia moja tisini na mbili. Namba ya ukoo mwingine kabisa. Naiambia kompyuta iachie namba hiyo iombe nyingine, inapona, na kesho yake inaugua tena, au inaugua ya jirani. Nje kwenye ngazi wakulima wa Bugwema wamekaa wanasubiri karatasi zao za mbegu na dawa, na karatasi hazitoki.

Meneja alikuwa na orodha mpya ya kupunguza watu. Kila mtu alijua ipo kwenye droo yake. Afisa Ugavi, naye namtaja kwa jina, Mugeta, akaenda kumwambia kwamba mimi ndiye ninayechezea nyaya usiku ili nionekane wa muhimu. Alikuwa na mtoto wa dada yake aliyemaliza kozi ya kompyuta, anatafutiwa nafasi. Meneja akaniita.

"Masatu, mimi sijui mambo ya waya. Ninajua Ijumaa napeleka orodha. Hadi Ijumaa mashine zikiwa bado zinaumwa, jina lako limo."

Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Nikaenda kwenye simu nikampigia mtaalamu Mwanza. Akacheka. "Humo ndani kuna mgawaji wa pili. Mtu amechomeka kisanduku kingine kinachogawa namba. Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa, ndiyo maana wengine wanapona wengine wanaumwa. Chomoa waya mmoja mmoja kwenye swichi, halafu ombesha namba upya. Ukichomoa waya ugonjwa ukaondoka, mwizi yuko mwisho wa waya huo."

Nilichomoa nyaya kumi na moja, mmoja mmoja, siku mbili nzima. Kabla ya kuchomoa napita kwenye chumba namwambia mwenyewe asitishe kazi. Ugonjwa haukuondoka. Nikamwambia Meneja nimemaliza zote, na hapo nilisema uongo. Waya namba saba niliuruka.

Namba saba ulikwenda chumba cha Afisa Utumishi, Bi. Nyabweke, mdogo wake mama mzazi wa mke wangu. Kwa hiyo ni mama mkwe wangu, kamili. Kwetu mkwe humpi mkono, humtazami usoni, hukai naye chumba kimoja. Miaka mitatu tumefanya kazi ofisi moja, akiwa na neno kwangu anamtuma mtu, na nikisikia viatu vyake kwenye korido naingia mlango wowote ulio karibu. Siku moja niliingia choo cha wanawake. Waya wake niliuvuta wakati yuko likizo. Sasa niende nikamwambie asitishe kazi nimchomolee? Sikuweza, na sikuona kama ni kosa. Niliona ni adabu.

Alhamisi saa tano nikasimama mbele ya swichi, nikawaza watoto, nikauchomoa bila kuaga. Nikaombesha namba upya kompyuta zote kumi na moja. Zote zikarudi na kumi. Nikaurudisha nikaombesha tena, tano zikaugua. Nikaenda kwa Meneja, nikamweleza, nikamwomba atume mtu mwingine akaangalie.

"Hapana," akasema. "Wewe ndiye unashitakiwa, wewe utatoa."

Tukaenda, Meneja mbele. Mugeta akatufuata, hakutaka kupitwa. Nikasimama nje ya mlango nikitazama sakafu. Meneja akamweleza Bi. Nyabweke, akamwomba atoke kidogo.

"Sitoki," akasema mama mkwe. "Nikitoka mtasema nilikuwa nimeficha kitu. Mwambie huyo mtu aingie, afanye kazi yake mbele yangu."

"Mama, anasema kitu chenyewe kiko chini ya meza yako."

Halafu nikasikia kiti kikigeuzwa.

"Nimegeukia ukutani na kanga nimejifunika. Mwambie afumbe macho."

"Akifumba ataonaje?"

"Apapase. Samaki wa matopeni anashikwaje?"

Nikaingia kwa magoti nimefumba macho, nikatambaa chini ya meza ya mama mkwe wangu mchana kweupe, jasho linanitoka. Nikashika mguu wa meza, nikashika kapu, nikashika kitu cha plastiki, cha moto kama kiazi kilichoepuliwa. Nyaya tatu zimechomekwa humo. Nikatoka nacho kinyumenyume.

Meneja akauliza ni nini. Mama mkwe akajibu akiwa bado anatazama ukuta. "Si hicho cha Mugeta? Alikileta mwenyewe alipotuongezea kompyuta ya pili humu, akakichomeka, akasema ni cha kupooza umeme usiunguze mashine. Mugeta, hukusema hivyo?"

Mugeta alisema hakujua kama kinagawa namba. Mimi nasema alijua. Angetaka waya wa pili angeniambia nivute, ni kazi ya saa moja. Na siku napeleka ng'ombe za mahari alikuwepo, alikula nyama pale, alijua mkwe wangu ni nani. Ofisi ina meza kumi na mbili, akachagua ile moja ambayo mimi siwezi kuinama. Watu waliniambia nimsamehe. Sijamsamehe.

Ijumaa orodha ilikwenda bila jina langu. Jina la Mugeta nalo halikuwemo, alihamishiwa Butiama akawe mkuu wa ghala. Mimi nilitozwa mbuzi na wazee wa upande wa mke wangu kwa kutambaa mbele ya mkwe, nikamtoa dume mweupe, tukamla Jumapili nyumbani kwa Bi. Nyabweke. Yeye mwenyewe akaonesha ameniwia radhi, akatuma sahani ya maini, akasema niambiwe kwamba chumba chake kisirukwe tena.

Nikakaa pale miaka mingine mingi, nikabadilisha swichi tatu na seva nne, nikastaafu kwa hiari nilipofika hamsini na tano. Vijana wa sasa wanakaa Mwanza wanatibu mashine za Musoma bila kuinuka kitini. Ni vizuri, sina kinyongo nao. Nawaambia tu kwamba kuchomoa nyaya kumi na moja kati ya kumi na mbili ni sawa na kutochomoa hata mmoja.

Nyumba yangu iko Bugwema, ina bati, ina umeme niliotandaza mwenyewe. Wale watoto wanne walimaliza shule wote. Mugeta namwonaga mnadani siku za ng'ombe. Amezeeka, anatembelea fimbo, na akiniona ananiita fundi. Naitikia, kwa sababu ndivyo nilivyo, halafu naendelea kuangalia ng'ombe.