Fedha Alizozikataa Mama

"Kwa nini hukuniambia?" Mama aliniuliza mlangoni mwa benki, pale Nakawa. Mimi niliyekuwa na swali kwa kila mtu niligeuka kutafuta basi.

Naikumbuka siku ile, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimepata kazi, na simwamini mtu. Mwajiri alinikata kodi kupita kiasi, nikadai nirudishiwe. Kwenye fomu niliandika akaunti yangu na Mama ya pamoja, maana sikuwa na nyingine. Kwa wiki nyingi sikutulia. Naenda ofisi ya kodi, nauliza, natoka, nageukia getini kuuliza tena. Kambi ya polisi, tulimobakizwa kwa huruma tangu Baba, aliyekuwa askari, afariki mwaka ule nilioingia chuo, ilitutaka tuhame mwisho wa mwezi. Fedha hizo ndizo zingetulipia vyumba viwili Nateete. Mama sikumwambia lolote. Niliona hataelewa.

Zikaingia. Ujumbe wa benki ukaenda kwenye simu yake.

Nilipomfuata benki, alikuwa mbele ya karani, kitambulisho mkononi.

"Nnyabo," karani alimwita kwa heshima, "wengine wanalia hapa hawana hela. Wewe unalia unazo?"

"Si zangu. Serikali imekosea tena. Muzirudishe."

"Mama! Ni kodi yangu hiyo!" nilipaza sauti. "Unatuaibisha. Hata kodi yenyewe huijui."

"Mama, kama ni nzito, mimi nitakubebea," mtu mmoja akadakia kutoka nyuma, foleni nzima ikacheka.

Lakini alikwisha kutia sahihi fomu ya kuzirudisha. Benki ikazizuia hadi zichunguzwe, na zilipoachiliwa vyumba vilikuwa na wapangaji wengine. Tukahamia chumba kimoja kinachovuja. Mvua ikinyesha, Mama ndiye aliyeamka kumwaga maji ya ndoo.

Kuuliza si kosa, mwanangu. Mpaka leo nauliza, na wajukuu wananikimbia kwa hilo. Lakini niliwahoji watu wa kodi, nikawahoji wa benki, hata padri wa Lubaga hakupona, halafu neno moja la mama yangu, lile "tena", nikalipita kama sikulisikia. Usimdharau aliyekulea kwa sababu hajui fomu unazozijua. Jambo linalomgusa mweleze mapema, kabla simu haijamweleza. Na akisema usichokielewa, kaa karibu naye, muulize kwa sauti ya chini. Mungu akujalie maswali mengi, na akubakizie wa kukujibu.

Mama alikuwa kaburini miaka kadhaa ndipo mjane aliyekuwa jirani yetu kambini akaniambia: mshahara wa Baba uliendelea kuingia kimakosa miezi miwili baada ya mazishi, Mama akautoa kwa kadi ya marehemu, akanilipia ada ya muhula wa kwanza.