Fenesi la Bi Mwanasiti

Fenesi likiiva halina siri. Harufu yake huvuka ua, hupita juu ya mihogo, huingia nyumbani kwa watu bila hodi na kumkalia mtu puani hata akiwa kwenye maombi. Mwaka niliotimiza miaka kumi, harufu hiyo ilitoka kwa jirani yetu Bi Mwanasiti, mama mtu mzima wa Kidigo aliyeishi peke yake upande wa pili wa ua wetu wa minyaa, nje kidogo ya Msambweni. Sisi tulikuwa watu wa bara. Baba alikuja kutoka Ukambani kabla sijazaliwa, akapata kipande cha ardhi ya makazi, akalima mahindi na korosho, na Jumapili akawa mzee wa kanisa letu la mabati. Wenyeji walitusalimu vizuri nasi tukawasalimu vizuri, lakini kila mtu alijua kwamba kulikuwa na maneno kuhusu ardhi ile ambayo hayasemwi.

Kwenye tawi la chini la mfenesi wake Bi Mwanasiti alikuwa ametundika kago: chupa ndogo yenye maji meusi, imefungwa kitambaa chekundu pamoja na ganda la konokono. Watoto wote tulijua maana yake. Anayeiba tunda la mti wenye kago tumbo lake hufura, na halipoi mpaka amwendee mwenye mti, akiri, naye mwenye mti amhalalishie kwa kinywa chake. Asipokwenda, basi tena. Baba alikuwa amesimama kanisani mbele ya watu wote akasema kwamba kago ni chupa na kitambaa tu, na Mkristo anayeogopa chupa hamjui Mungu wake. Watu wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia, huku nimeyabana magoti.

Msimu huohuo mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, Mwalimu Rebeka, alikuwa akitusomesha vitabu vya kale vya Wayahudi kuanzia ukurasa wa kwanza, na vitabu hivyo vilininyima raha. Nilikuwa mtoto wa maswali, tena ya ubishi. Nikamuuliza: ikiwa Mungu hakutaka Adamu na Hawa wale lile tunda, mbona mti wenyewe aliupanda katikati ya bustani? Si angeupanda huko pembeni, au asiupande kabisa? Na yule nyoka, nani alimfungulia? Mwalimu Rebeka akasema, "Mwende, kaa chini. Shetani asikutumie." Nikakaa, lakini swali halikukaa. Nilibishana na Mungu nikichota maji, nikipalilia, nikiosha vyombo. Nilimwona kama mama anayeacha bakuli la sukari mezani kisha akatoka kwenda kuchungulia dirishani. Nikiogopa kwa kuwaza hivyo naomba msamaha, halafu nawaza tena. Jumapili iliyofuata tukasoma jinsi Kaini alivyomuua Habili, na jinsi damu ya Habili ilivyolia kutoka ardhini. Hilo ndilo lililonikaa vibaya zaidi. Yaani ardhi inasema! Unaficha kitu chini, chenyewe kinakwenda kukushtaki.

Siku ya wizi Bi Mwanasiti alikuwa amekwenda harusini Lunga Lunga, na baba na mama walikuwa shambani. Nilimchukua ndugu yangu Mutua, wa miaka saba, mtoto mpole aliyenifuata kila nilikokwenda. Nilimwambia kwamba baba amesema kago ni chupa tu. Maneno yalikuwa ya baba, nia ilikuwa yangu. Siwezi hata kusema kwamba nilishtukizwa na kishawishi, maana nilikumbuka kuiba mafuta ya kupikia kwanza, tujipake mikononi utomvu usitunase. Tulichuma fenesi dogo la chini kabisa, lililokwisha kuanza kupasuka, tukalila nyuma ya zizi la mbuzi. Lo, utamu wake! Nisiseme uongo, lilikuwa tamu kuliko chochote nilichowahi kununuliwa. Maganda mbuzi waliyamaliza. Zikabaki mbegu, kama ishirini hivi, nyeupe, zinateleza.

Hapo ndipo damu ya Habili iliponijia. Mbegu ukiitupa chini inaota, nasi hatukuwa na mfenesi. Mche ukichomoza kwetu si ndio shahidi? Nikafikiria choo, nikaona choo nacho ni ardhini. Nikamwambia Mutua tuzimeze. Mimi nilimeza mbili tu, zikanikwama mpaka machozi yakanitoka, nikaacha. Yeye alikuwa na koo jepesi, tena alipenda kusifiwa. Kila akimeza moja namwambia, "Shujaa!" Alizimeza zote zilizobaki.

Siku ya tatu tumbo la Mutua likaanza kufura. Alitapika, akakataa chakula, akawa analala amejikunja huku anauma shuka. Baba na mama walimpeleka zahanati, nami nikafuatana nao. Mhudumu alipouliza mtoto amekula nini, mama alinigeukia, nami nikajibu, "Ugali na mchicha." Tukarudi na dawa za minyoo. Nilikuwa na hakika kwamba kago ndiyo inamuua, lakini kumwambia baba ilikuwa sawa na kumwambia kwamba chupa imemshinda. Tena mtoto wa mzee wa kanisa, mtu wa bara, ameiba kwa Mdigo! Yale maneno yasiyosemwa yangesemwa mchana kweupe. Na jambo lililonichanganya akili ni kwamba tumbo langu mimi lilikuwa zima kabisa. Mwizi ni mimi, anayeumwa ni Mutua. Nikaichukua Biblia ya baba nitafute mahali Mungu aliposamehe, nikaangukia habari za mfalme Daudi: aliyekosa ni mfalme, aliyekufa ni mtoto wake mchanga. Yule mtoto alikosa nini jamani? Nilikasirika. Daudi alifunga siku saba na mtoto akafa vilevile. Nami nikafunga, chakula changu nikawapa kuku, nikawa nahesabu siku za Mutua kwa vidole.

Siku ya tano moyo wangu ulinishinda. Nilimkuta Bi Mwanasiti amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Nikapiga magoti. "Bibi, niwie radhi. Mimi na Mutua tulikula fenesi lako. Sasa Mutua anakufa. Nakuomba uiondoe kago."

Aliiweka chini nazi yake, akajifuta mikono kwenye leso. Nilifumba macho nikingoja kofi.

"Nimewahalalishia, wewe na nduguyo, duniani na akhera," alisema. "Ya mti yamekwisha. Sasa tuzungumze ya tumbo. Nilirudi harusini nikaona fenesi halipo, wala sikuona hata mbegu moja. Mlizitupa wapi?"

"Mutua alizimeza."

"Zote?"

"Zote, bibi."

"Salaale! Na nani alimwambia azimeze?"

Mungu ni shahidi yangu, kulikuwa na nafasi. Alikuwa amekwisha kunisamehe, alinitazama kwa huruma, na jibu lilikuwa neno moja tu. Nikasema, "Sijui, bibi. Yule ni mlafi tu."

Hakungoja zaidi. Alijitanda leso, akapita kwenye ua akaenda moja kwa moja mpaka kwa baba. "Baba Mwende, watoto wako walikula kwangu nami nimewahalalishia. Lakini kijana ana mbegu tumboni, zimemziba. Mpeleke hospitali kubwa sasa hivi, usingoje." Baba hakusema lolote la chupa wala la kitambaa. Alimbeba Mutua mikononi akakimbia naye mpaka barabarani kutafuta gari. Mutua alipasuliwa siku ileile, na daktari akamwambia mama kwamba wangechelewa siku moja zaidi tungekuwa tunazungumza mengine.

Nilingoja fimbo. Haikuja. Baba alisema tu kwamba aliyekwenda kukiri haadhibiwi, akaniwekea mkono kichwani, na mkono ule uliniuma kuliko fimbo. Kwa ajili ya fenesi nilisamehewa na wote. Kwa ajili ya mbegu hakuna aliyenisamehe, maana hakuna aliyejua. Mutua ndiye aliyepewa jina la Mlafi, nalo likamkaa. Kwenye kila shughuli ya ukoo shangazi zetu walimwondolea sahani mapema huku wanacheka, na mama alimsimulia kila mgeni jinsi uroho ulivyotaka kumuua mwanawe. Naye alicheka nao. Bi Mwanasiti aliwahi kuniambia kwamba katika mafunzo yao Waislamu Adamu na Hawa walitubu na Mola akawasamehe, hata kama aliwatoa bustanini. Nilimwonea wivu Hawa. Nilitamani kujua kama alipotubu alitaja yote, au alitaja tunda tu.

Siku hizi makazi yetu yamebadilika. Viwanja vimekatwakatwa, ua wa minyaa umeng'olewa na badala yake kuna kuta za mawe zenye nyaya za umeme na kamera. Bi Mwanasiti amefariki, Mungu amrehemu. Watoto wa sasa hawaogopi tumbo kufura, wanaogopa picha zao kuonekana. Mimi ni mwalimu Ukunda, nimesoma tafsiri na fafanuzi nyingi za habari zile za bustani, na bado Mungu wa Daudi ananikosesha usingizi. Mutua ni askari kwenye geti la jumba moja la wageni huko Diani. Ana mke na watoto wawili, na kovu refu tumboni ambalo watoto aliwadanganya kwamba aliumwa na papa.

Mwezi uliopita mama alilisimulia tena lile la ulafi, safari hii mbele ya watoto wa Mutua, na mkubwa wao akamcheka baba yake. Sikuweza kuvumilia. Kesho yake nilipanda tuktuk saa ya chakula cha mchana nikaenda getini kwake, na tukiwa tumekaa kwenye benchi la walinzi nikamwambia yote: kwamba aliyemwambia azimeze ni mimi, na kwamba nilipoulizwa nilimwita mlafi.

Aliendelea kula maharagwe yake. "Najua, dada. Si nilikuwepo?"

"Mbona basi hukusema, miaka yote hii?"

"Uliniambia nisiseme."

Kweli nilimwambia, tena nilimwapisha. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikaanza kulia pale benchini, mwalimu mzima, na yeye akaniacha nilie. Kisha akafunika bakuli lake, akanigeukia, wala hakuwa na hasira usoni, alikuwa anauliza tu kama mtu aliyengoja sana.

"Mimi ulinikataza," alisema. "Na wewe, dada, nani alikukataza?"