Daftari la Mama Sechelela

Aibu hii naisema mwenyewe, maana Kibakwe nzima inaijua. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti, makanisa mapya yalizuka kila kona. Mimi nilikuwa katibu wa kanisa letu la Kibaptisti, na ndimi niliyeandika historia yake. Nikaanza kumwona Mama Sechelela, mjane mmoja, akizungukia nyumba za wazee na daftari, akiandika majina. Akiniona, analifunika. Nikajua tu: anatuibia waumini aanzishe kanisa lake!

Jumapili nikasimama kifua mbele. "Mama Sechelela, hayo majina unayapeleka wapi?"

Mchungaji akainamisha kichwa. Mama Sechelela akainuka polepole.

"Mwanangu, mchungaji ndiye aliyenituma. Historia yako haina mwanamke hata mmoja. Nilikuficha nisikuaibishe."

Kwa kiburi nikasema, "Basi soma!"

Akafungua daftari. "Wa kwanza kubatizwa hapa, kabla ya mwanamume yeyote, ni Debora Chilewa."

Kanisa zima likageuka kunitazama. Debora ni mama yangu mzazi, na alikuwa amekaa benchi la mbele.

"Hukuniuliza, mwanangu," mama yangu akasema.