Ngoja Kwanza Ale

Mwanangu, magoti yananiuma leo, na kila yakiuma nakumbuka siku moja kwa Bi Zuhura, jirani yetu kule mtaani Jericho. Usicheke. Tangu ujana mimi ni mtu wa kukaa ndani; safari yangu ndefu ni kutoka kochi hadi jikoni, basi hata vituko vyangu vilinikuta penye chai.

Enzi hizo simu ya karibu ilikuwa ya Bi Zuhura: nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, imetiwa kufuli ili wageni wasipige Mombasa bure. Kupiga kulikuwa shida, ila kupigiwa kulikuwa kwa jirani yeyote. Siku hiyo ikalia. Bi Zuhura akasikiliza, akaiweka chini polepole. Mama Nekesa, jirani wa ng'ambo ya barabara, amefiwa na mamake huko Bungoma.

Nikakimbilia dirishani nimwite. Nilikuwa na sauti ya makanga anayeita abiria. Kofi la mgongo likanifunga mdomo.

"We Omondi! Unataka kumuua na yeye?"

Akajitanda leso, akachukua sukari, akaniburuta. Tulimkuta Mama Nekesa akisonga ugali. Bi Zuhura akakaa, akaongea juu ya mvua na mitaro iliyoziba. Mimi jasho tele.

"Pakua basi, mwenzangu, ule."

"Na nyinyi je?"

"Sisi tumeshiba. Huyu Omondi amemaliza chai yangu yote, hata aibu hana."

Akala akicheka. Nikafungua mdomo tena, nikafinywa paja. Sahani ilipobaki tupu, Bi Zuhura akamshika mikono yote miwili, ndipo akamwambia. Kile kilio nakisikia hadi leo, lakini hakuanguka. Alikuwa ameshikwa.

Tukirudi akaniambia, "Kuanzia sasa hatameza kitu. Nilitaka apate nguvu za kulia. Simu huleta habari, Omondi. Haimshiki mtu mkono."

Basi simu zikaendelea, mwanangu. Tukapiga foleni kwenye vibanda na sarafu mkononi. Zikaja za mfukoni, tukawa tunapigiana, ikilia mara moja tunakata, tuokoe pesa za kredo. Sasa kila mtu anayo, na mimi nimechoka nazo. Mwaka jana kifo cha dada yangu kilinikuta kwenye grupu ya familia simuni, nikikaanga vitunguu. Juu ya ujumbe ule mtu anauza viatu. Chini yake vikatuni vya nyuso vinalia, foleni nzima. Vitunguu viliungua. Sikuwa na wa kunishika.

Ndiyo maana jana nilikunyang'anya simu. Ulikuwa unamwandikia Mama Brayo wa juu "pole sana kwa kumpoteza kaka," na hukujua kama ameshaambiwa. Hakuwa ameambiwa. Nilipanda ngazi na sukari yangu, nikipumzika kila ghorofa kama gunia la viazi. Nilimkuta akipika. Nikamsifia mboga, nikamngoja ale. Kisha nikamshika mikono.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na siku hizi ulimi wenyewe umehamia kidoleni. Habari ya harusi, ya mtoto, ya mtihani, tuma hata ukiwa kitandani. Ya kifo ipeleke kwa miguu. Na ikiwa mtu yuko mbali, mtafute jirani yake, mwenye mikono, aende badala yako.

Mungu akupe miguu inayofika, mwanangu. Na siku yako ya kuletewa msiba ikija, maana itakuja, akuletee mtu wa kukungoja umalize kula.